Maji Yaliyo Hai Katika Nchi Kame

Sisi tunaoishi Mkonze hatuhitaji kuelezwa kiu ni nini. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kwisha Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Wazee wa Kigogo walijua kuchimba mchanga wa korongo lililokauka mpaka maji yatoke, kisha wakayateka kwa kata, taratibu, wasiyachafue. Kwa hiyo tunaposoma Zaburi ya 63, ambamo Daudi akiwa katika nyika ya Yuda anasema nafsi yake inamwonea Mungu kiu kama nchi isiyo na maji, hatusomi habari za mbali. Tunasoma habari za mwezi wa Oktoba.

Hata jina la Dodoma lina kiu ndani yake. Wazee husimulia kwamba tembo alishuka bondeni kunywa maji, akazama katika tope, na watu wakasema kwa Kigogo “Idodomya”, yaani amezama. Tembo yule hakukosa kwa kuwa na kiu. Kiu si dhambi. Ndivyo Mungu alivyoviumba viumbe vyake. Shida ilikuwa mahali kiu ilipompeleka. Na hili ndilo swali tunalotaka kuliweka mbele ya msomaji: kiu ya roho zetu inatupeleka wapi?

Mkonze ya leo imebadilika. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, mashamba mengi ya mtama na uwele yamepimwa viwanja. Tunao majirani wapya: watumishi wa umma, wanafunzi, mafundi ujenzi, mama lishe, vijana wa bodaboda. Wapo wenye bomba ndani ya nyumba na tanki juu ya mnara, na bado wanabisha hodi ofisi ya usharika na kusema, “Mchungaji, kila kitu kipo, lakini moyo hautulii.” Wapo pia wasio na kitu, wanaosema maneno hayo hayo. Nabii Yeremia aliwaona watu wa namna hii zamani. Walikuwa wameiacha chemchemi, wakajichimbia mabirika yenye nyufa yasiyoweza kuweka maji (Yeremia 2:13). Leo mabirika hayo tunayaita cheo, kiwanja cha pili, pombe, mahusiano ya siri, au simu isiyotoka mkononi hadi usiku wa manane.

Lakini si kila birika lenye nyufa liko nje ya dini. Watanzania wengi wanaukumbuka mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu wa kanisa letu la KKKT, Mzee Ambilikile Mwasapile, aliwanywesha watu dawa iliyochemshwa kutokana na mizizi ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja kiliuzwa shilingi 500. Wakaenda wakulima na mawaziri, Wakristo na Waislamu. Foleni ya magari ilifika kilometa nyingi, na wako wagonjwa waliofia njiani kabla hawajakifikia kikombe. Miaka tisa baadaye, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipoteza maisha mjini Moshi katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako.

Hatuyaandiki haya ili kumhukumu Mzee Mwasapile, ambaye alifariki mwaka 2021, wala kuwacheka waliokwenda. Mtu aliyebebwa na wanawe kwenye lori kwa siku tatu kutafuta uzima hastahili kuchekwa na mchungaji. Tunauliza tu kile wengi walichotuuliza baadaye. Walikuwa wakitafuta dawa peke yake? Baadhi yao walituambia kwamba walitaka kujua kama Mungu bado anawaona. Kikombe hakiwezi kujibu swali hilo. Ukikinywa ukapona, utaugua siku nyingine. Ukikinywa usipone, utabaki ukijiuliza kama ulikosa imani.

Pale Sikari, Bwana Yesu alimkuta mwanamke kisimani saa ya jua kali (Yohana 4). Alikuwa amechoka kwa safari, na hakuwa na chombo cha kutekea. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuomba maji. Kisha akamwahidi maji yatakayokuwa ndani yake chemchemi inayobubujika uzima wa milele. Mwanamke alidhani anaahidiwa nafuu ya kazi, asije tena kisimani. Ombi lake tunalielewa sana sisi tuliokua tukiona mama zetu na dada zetu wakitembea na ndoo kichwani.

Lakini Yesu hakumpunguzia safari za kisimani. Bila shaka kesho yake alirudi na mtungi, maana chakula hakipikwi bila maji. Alichopewa ni hiki: alikutana na Mmoja aliyejua habari zake zote, waume watano na huyo wa sita asiyekuwa mumewe, na bado akaketi akazungumza naye. Maji yaliyo hai si kitu ambacho Yesu anakitoa mkononi na kukuacha uende zako. Ni yeye mwenyewe, kwa Roho wake, anayekaa na mtu anayejulikana na kusamehewa. Ndiyo maana mwanamke aliuacha mtungi wake akaenda mjini kuwaita watu wale wale aliokuwa akionekana kuwakwepa.

Martin Luther aliijua kiu hii akiwa ndani ya nyumba ya watawa. Alipoingia utawani Erfurt mwaka 1505 alifunga, alikesha na kuungama kwa saa nyingi, asipate amani. Kadiri alivyochimba, birika lilizidi kuvuja. Alipumzika alipoelewa kutoka Warumi 1:17 kwamba haki ya Mungu ni zawadi inayopokewa kwa imani. Mkristo anayehesabu mifungo yake, sadaka zake na mikesha yake, na bado moyo umekauka, asidhani yuko peke yake. Huenda amekuwa akijaribu kununua kile kinachotolewa bure.

Hata hivyo hatutaki kusema mambo mepesi. Katika usharika wetu alikuwapo mama mmoja aliyeugua kwa muda mrefu. Alikwenda hospitali, nasi tuliomba, tukafunga, tukampaka mafuta kama Yakobo anavyoagiza. Hakupona. Siku zake za mwisho hakuweza kumeza zaidi ya kijiko cha maji. Aliomba Chakula cha Bwana, tukachovya kipande kidogo cha mkate katika divai tukamgusisha midomoni. Alimeza kwa shida, akasema, “Imetosha.” Baada ya mazishi wanawe walituuliza maombi yote yale yalikuwa ya nini. Hatukuwa na jibu la kufuta machozi yao.

Tulichoweza kufanya ni kusoma nao Yohana 19:28. Yule aliyeahidi kwamba anywaye maji yake hataona kiu milele, anasema msalabani kwamba ana kiu. Anapewa siki, kisha anakufa. Mungu wetu hakuitazama kiu yetu kutoka mahali penye baridi. Aliingia ndani yake hadi mwisho. Kwa hiyo mgonjwa mwenye midomo iliyopasuka hajatoka mbele ya macho ya Mungu. Yuko mahali ambapo Kristo ametangulia kufika, na ambapo Mungu alimfufua siku ya tatu. Mama yule hakupata alichoomba, lakini hakufa bila Bwana wake.

Vipi basi tuishi katika miezi ya ukame, ambapo tunaomba na mbingu zinaonekana kama bati? Kaskazini mwa jiji letu kuna bonde la Makutupora, ambalo visima vyake vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi. Kina cha maji yake kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vimeonyesha kwamba hifadhi ile ya chini ya ardhi hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa. Ujazo mkubwa kuliko yote ulitokana na mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Miaka mingi baadaye, jua likiwaka na majani yamekauka, watu walikuwa bado wanakunywa mvua ile.

Ubatizo wetu uko hivyo. Ulifanyika mara moja, wengi wetu tukiwa wachanga, na maji yenyewe yalikauka kichwani dakika ile ile. Lakini neema iliyomiminwa siku ile haijaisha. Siku ambayo huhisi chochote, huna haja ya kutafuta mvua mpya ya kushangaza, wala nabii mpya. Rudi kwenye neno lililotamkwa juu yako, kwamba wewe ni wa Kristo. Njoo kwenye meza yake Jumapili pamoja na wenye kiu wenzako. Kaa na jumuiya inayokutana nyumba kwa nyumba; siku usiyoweza kuomba, wao watakuombea.

Na ukishakunywa, mnyweshe mwenzako. Yesu alitaja kikombe cha maji ya baridi apewacho mdogo kwamba hakitakosa thawabu (Mathayo 10:42). Hapa Mkonze agizo hilo halina fumbo. Jirani mwenye bomba asimfungie geti yule ambaye bomba lake limekauka, na aliyetulizwa moyo asimpite mwenzake anayelia. Kikombe hicho hakina foleni, wala hakina bei.