Mfereji wa Suez, Mlango wa Biashara ya Dunia

Meli itokayo Mombasa kwenda Ulaya hufuata Bahari ya Sham mpaka mji wa Suez, katika nchi ya Misri. Hapo hutia nanga na kungoja zamu yake. Rubani wa Kimisri hupanda, na meli huingia mferejini moja nyuma ya moja, kama ngamia wa msafara. Mkono wa kushoto yaonekana mashamba na mitende. Mkono wa kulia ni mchanga mtupu wa Sinai. Baada ya kiasi cha kilomita 193 meli hutokea Port Said, penye Bahari ya Mediterania.

Mfereji huu ulichimbwa kwa miaka kumi, ukafunguliwa mwaka 1869. Aliyeongoza kazi alikuwa Mfaransa, Ferdinand de Lesseps. Lakini waliobeba udongo kwa vikapu ni wakulima wa Misri, wengi wao kwa kulazimishwa, na wengi walikufa. Kabla ya hapo, meli za Ulaya ziendazo Bara Hindi zilikuwa hazina budi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Njia fupi namna hii haikosi kugombewa. Mwaka 1875 mtawala wa Misri, akiwa amelemewa na madeni, aliiuzia Uingereza hisa zake kwa pauni milioni 4. Mwaka 1882 majeshi ya Uingereza yaliingia Misri. Mkataba wa mwaka 1888 uliagiza mfereji uwe wazi kwa meli za mataifa yote, wakati wa amani na wa vita. Mwaka 1956 Rais Gamal Abdel Nasser aliutwaa uwe mali ya taifa, ili ushuru wake ujenge bwawa la Aswan. Israeli, Uingereza na Ufaransa ziliishambulia Misri, lakini Marekani na Umoja wa Mataifa zilizishurutisha ziondoke.

Vita vya mwaka 1967 viliufunga mfereji kwa miaka minane, na meli zitokazo Ulaya kuja Mombasa zikazunguka Afrika Kusini. Mwaka 2021 meli moja yenye urefu wa mita 400, Ever Given, ilikwama humo siku sita, na mamia ya meli zikangoja. Tena, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023, meli ziliposhambuliwa kutoka Yemen, makampuni mengi yalirudia njia ndefu ya Rasi, na Misri ikapoteza sehemu kubwa ya ushuru wake.

Safari inaporefuka, mafuta huteketea zaidi na nauli ya mizigo hupanda. Gharama hiyo humfikia mkulima katika bei ya mbolea anunuayo, na hupunguza faida ya kahawa auzayo. Mfereji ni mali ya Misri kwa haki. Lakini amani yake ni haja ya kila mtu mwenye gunia la kupeleka ng'ambo.