Kanda Iliyomchekesha Mama

Ninazo kanda nyingi, lakini nikilazimishwa kubaki na mbili, nitachukua "Mario" ya Franco na T.P. O.K. Jazz ya mwaka 1985, na "Maria Salome" ya Saida Karoli, binti wa huku huku Kagera, ya mwaka 2001.

Ya kwanza niliinunua Bukoba mjini. Kilingala sikukielewa, ila niliipiga mpaka utepe ukalegea. Kihaya changu kilinipatia viboko shuleni, nami nikajifunza kukionea aibu.

Ya pili nilimpelekea mama Muleba. Kanda zangu alizivumilia siku zote kama mtu anayengoja mvua ikatike. Safari hii aliacha kumenya ndizi, akacheka kabla yangu, kisha akanifafanulia neno ambalo mimi mwanawe nilikuwa nimelisahau. Siku zile zile, Dar es Salaam, watu wasiojua Kihaya waliziimba nyimbo za Saida bila haya yoyote.

Mama amekwisha fariki, na redio kaseti haifanyi kazi tena. Kanda ile siitupi. Ndiyo iliyonirudisha kuzungumza na mama kwa lugha yake.