Nyamasaria: Ruhusa ya Ukuta na Haki ya Kibarua

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara, akishaipita Ahero na mashamba yake ya mpunga, huingia Kisumu kupitia Nyamasaria. Kaskazini husimama milima ya Nandi. Magharibi, nyuma ya mji, limelala Ziwa Victoria. Baina yake ni uwanda wa Kano, tambarare kama mkeka, na mto Nyamasaria unaupita ukielekea ziwani. Sisi tuliozoea nyumba za mawe za Mombasa na Lamu tulikutana hapa na ardhi ya tabia nyingine: udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba yenye msingi mfupi hupasuka pamoja nao.

Tulikwenda kumzuru dada yetu mmoja, mjane aliyetoka pwani miaka mingi iliyopita. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya vyumba viwili na watoto wanne. Alikusudia kuongeza vyumba viwili vya kupangisha na kuzungusha ukuta, ili kodi iwasomeshe wanawe. Fedha hizo zilikuwa za mirathi, na sehemu kubwa ilikuwa haki ya mayatima. Kila shilingi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hajafikia umri wa kudai.

Wako waliomwambia kwamba kuongeza vyumba si kujenga nyumba mpya, basi ruhusa ya nini? Sheria haikubaliani nao. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi inamkataza mtu kuendeleza kiwanja bila ruhusa ya serikali ya kaunti, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inamlinda mwombaji pia: asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa.

Wenzetu wa Lamu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, wanajua kwamba nyumba ya kale haiguswi bila idhini. Kule kinacholindwa ni historia. Nyamasaria kinacholindwa ni njia ya maji. Kanuni za mazingira zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, kuanzia mita 6 hadi 30 kutoka mahali yalipowahi kufika mafuriko. Kiwanja cha mwenyeji wetu kiko mbali na mto, lakini mfereji unapita ubavuni mwake, na mchoro wa kwanza uliupitisha ukuta juu ya mfereji huo. Mchoro ulirudishwa: ukuta usogezwe ndani, na matundu ya maji yaachwe chini yake. Chumba kimoja kikapungua upana, na kodi yake huenda ikapungua pia. Hata hivyo, ukuta ule wa awali ungaliyarudisha maji ya mvua sebuleni mwa jirani, bibi wa Kijaluo anayeuza omena, ambaye ndiye aliyeshinda na watoto wale siku za msiba.

Baada ya ruhusa likaja suala la malipo. Fundi alitaka robo tatu ya ujira wake kabla ya kazi. Dada yetu akakataa kwa upole. Vifaa alinunua mwenyewe, risiti akazibandika daftarini. Ujira ukagawanywa mafungu: msingi, kuta hadi lenta, paa, kisha plasta na sakafu, na sehemu ya mwisho ikazuiliwa mpaka mvua za masika zipite na paa lionekane halivuji. Mkataba ukaandikwa mbele ya mashahidi wawili, kama aya ya 282 ya Surat al-Baqara inavyotuelekeza katika madeni.

Jumamosi moja, fungu la lenta likiwa limekwisha kulipwa, vibarua watano walibisha hodi. Wiki mbili hawajapata kitu. Fundi alikuwa amepokea fedha na kukaa nazo. Kwa mujibu wa mkataba, dada yetu hakuwa na deni kwao, na mali ya yatima hailipwi mara mbili kwa kazi moja. Lakini watu hao ndio waliobeba mawe ya wanawe, na sote tunaijua hadithi iliyomo katika Bukhari juu ya atakayeshitakiwa na Mola wake Siku ya Kiyama kwa kumtumikisha mtu kisha akamnyima ujira.

Aliwaita mashahidi na fundi siku hiyohiyo. Wakakubaliana kwamba malimbikizo ya vibarua yatakatwa katika fungu la paa, na kuanzia hapo ujira wao utatoka mkononi mwake moja kwa moja kwa simu, kila mmoja akitia sahihi daftarini. Fundi alinuna, lakini alisaini. Paa lilichelewa wiki tatu. Mayatima hawakupoteza hata shilingi.

Basi, ndugu wasomaji, anayekusudia kutengeneza nyumba aanze na mchoro na ruhusa, kwani humo mna haki ya jirani. Kisha aandike mkataba, alipe kwa kadiri kazi inavyosonga, na aulize kila Jumamosi kama vibarua nao wamelipwa. Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu. Amin.