Walioalikwa Wakiwa Bado Wamenuniana

Tangu chuo cha theolojia tumeipenda filamu ya Denmark ya mwaka 1987, Karamu ya Babette. Miaka imepita, nasi tumeirudia nyumbani kwa DVD.

Babette, mpishi aliyekimbia kutoka Ufaransa, anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu na kuzimaliza zote kwa kuandaa mlo mmoja wa watu 12. Zamani tulimtazama yeye, aliyetoa vyote. Safari hii tuliwatazama wageni wake, waumini wazee ambao mchungaji wao amekwisha kufariki. Wanaimba pamoja, lakini wanakumbushana makosa ya kale. Wawili walidhulumiana katika biashara. Tena wamekubaliana wasiseme neno juu ya chakula, wakihofu kuwa ni mtego wa shetani. Hata hivyo wanalishwa. Mlo ukiendelea, nyuso zinalainika, na wale wawili wanasameheana. Hakuna aliyewakemea.

Wapendwa, sharika zetu nazo zina watu wanaokaa benchi moja bila kusalimiana. Tunaitisha vikao vya usuluhishi, na ni vyema. Kupatana na ndugu ni agizo la Bwana. Lakini yeye mwenyewe alitutangulia kwa kutuandalia meza tungali wenye dhambi, tusiojua hata kushukuru.

Basi tukiiendea Meza ya Bwana, tumtazame jirani yetu tuliyenuniana naye. Naye amealikwa, kwa gharama ileile, nayo imelipwa yote.