Kufa Ganzi

Katika miaka thelathini ya kufasiri, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kamusi za kuazima, sijapata kuhangaishwa na maneno kama nilivyohangaishwa na haya mawili: kufa ganzi.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka mitano. Alipokuwa na miwili alimwagikiwa na uji wa moto, na upande wa kulia wa kichwa chake ukabaki kovu linalong'aa, lisiloota nywele. Madaktari wakamtia kifuko cha mpira chini ya ngozi nzima iliyo jirani na kovu, wakawa wanakijaza maji ya chumvi kidogo kidogo kila wiki ili ngozi itanuke, na siku ya operesheni kovu likatwe, ngozi yenye nywele ivutwe mahali pake. Watoto wa mtaani walimwita Nundu. Yeye alicheka, mama yake hakucheka.

Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza. Nikaombwa niifasiri, nami kwa kiburi cha mtu aliyejisomesha nikaimaliza usiku mmoja. Niliandika: "Mishipa ya kichwa itakufa ganzi." Asubuhi mkamwana wangu akaja na karatasi mkononi.

"Baba, mimi sitii saini. Mishipa ya mwanangu ikifa, nani ataifufua?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaona haya. Lugha yetu imeyatia mauti ndani ya neno la faraja. Na njia ya damu na njia ya fahamu zote imeziita mshipa. Alikuwa amesoma sawasawa nilichoandika.

Tukaenda pamoja kwa daktari wa usingizi, bibi mmoja mtulivu. Akamshika mtoto kichwa, akaonyesha kwa kidole: miwili juu ya nyusi, mmoja penye panja, mmoja mbele ya sikio, na miwili nyuma, kuelekea kisogoni. Sita kila upande.

"Kwanza atalala kwa nusukaputi. Akishalala ndipo nitampiga sindano hizi, wala hatazijua. Dawa huizuia habari ya maumivu isifike kwenye ubongo, kwa saa kadhaa, kisha huisha yenyewe."

Dawa yenyewe, bupivakeini, hupimwa kwa uzito: isizidi miligramu 2.5 kwa kilo. Mtoto alikuwa na kilo 16, basi mwisho wake 40. Ikizidi, au ikiingia katika mshipa wa damu, moyo huweza kupata taabu. Ndiyo maana bomba la sindano huvutwa kwanza, kutazama kama damu inakuja. Huongezwa na adrenalini kidogo, kwani ngozi ya kichwa hutoka damu nyingi.

Nyumbani nilisoma zaidi. Karl Koller alilitia ganzi jicho kwa kokeini huko Vienna mwaka 1884. Na bado, karne nzima baadaye, wako madaktari waliodhani watoto wachanga hawasikii maumivu kama sisi, hata Anand na Hickey walipoikanusha dhana hiyo kwa ushahidi mwaka 1987. Karne nzima! Kana kwamba kilio nacho kilihitaji mfasiri.

Nikaandika upya: "Ngozi ya kichwa haitasikia maumivu kwa saa kadhaa. Mishipa itabaki hai." Hamna ushairi humo. Mkamwana akaisoma mara mbili, akatia saini.

Alizinduka alasiri, kichwa kimefungwa bendeji, akaomba maji ya ndimu. Usiku wa manane ganzi ikaanza kuisha. Akaguna, akapewa dawa ya kunywa. Kisha akanishika mkono.

"Babu," akasema, "kichwa changu kimerudi."