Boma la Mirambo na kopo la klia

Kila anayekwenda BTP anaambiwa aandae zana za kufundishia. Sijawahi kukaa kwenye mhadhara hata mmoja wa kutuambia zana ikishapakwa rangi, juu yake ipakwe nini. Ni jambo dogo, mpaka uwe na modeli moja tu shule nzima.

Shule niliyopangiwa kule Ulyankulu ilikuwa nayo hiyo moja: boma la Mirambo, lile la Iselamagazi. Kidato cha pili walilijenga na mwalimu wao wa historia kwa maboksi, vijiti na udongo. Vilima ni lile povu jeupe gumu linalokuja na TV mpya. Wengi wa wanafunzi hao babu zao waliingia kutoka Burundi mwaka 1972 kama wakimbizi, wengine ni Wanyamwezi wa hapohapo, na boma lilikuwa la wote. Huyu Mirambo aliyeifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji mwaka 1871 wanamsimulia kama jirani. Mimi ni mtu wa kemia na baiolojia, historia naipenda kwa mbali, ila siku hiyo niliitwa kwa sababu ya kemia.

Kuta zilikuwa na rangi ya mafuta ya siku nne. Ukigusa, kavu. Mwalimu alitaka ing'ae kabla ya kikao cha wazazi, akaja na kopo la klia ya mafundi samani, ile ya kuchanganya na tina. "Ticha, hii dakika kumi tu imekauka."

Inakauka kweli, na shida iko hapohapo. Klia ile hukauka kwa tina kuruka hewani. Rangi ya mafuta haiko hivyo. Tapentaini ikisharuka, mafuta yenyewe hubaki yakivuta oksijeni na kushikana polepole, kwa wiki kadhaa. Juu inakuwa ngozi, chini bado laini. Ukiimwagia tina, ambayo ni kali kuliko tapentaini, inapenya ile ngozi na kuivimbisha. Ikikosa pa kwenda, inajikunja. Na povu la vilima ndiyo kabisa: tina ikilifikia, linayeyuka.

Sikutaka kubishana na mtu aliyenizidi umri kwa maneno ya darasani. Nikaomba kipande cha boksi kilichopakwa rangi ileile siku ileile, nikapitisha brashi ya klia nusu yake. Tukasimama kuangalia. Haikuchukua muda, ikakunjamana kama utando wa maziwa yaliyopoa. Mwalimu akacheka, halafu akanyamaza, akaenda kulifunika boma kwa kanga.

Tangu hapo dukani siulizi jina la kopo, nauliza linachanganywa na nini. Cha tina kikae chini, cha tapentaini kije juu yake, kikishakauka vizuri cha maji kinaweza kufuata. Kwenda kinyume ni kubahatisha. Hata mpangilio ukiwa sahihi, masika nayo ina yake: klia ya tina ukiipaka siku yenye unyevu inaganda na ukungu mweupe, maana tina ikiruka inapooza uso na kuvuta maji ya hewani.

Wazazi waliliona boma bila mng'ao. Mwalimu hakufurahi sana, ingawa sikusikia mzazi aliyelalamika. Walikuwa wanabishana lango lilielekea wapi. Tulikubaliana lisubiri wiki tatu nyingine, lipitishwe msasa laini kidogo, kisha vanishi ya mafuta yenye tapentaini, safu nyembamba mbili. Vanishi hiyo huelekea kugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, lakini kwenye kuta za udongo nani ataona?

BTP yangu iliisha kabla ya wiki hizo kutimia. Chini ya ubao wa boma nimegandisha karatasi: aina ya rangi, tarehe iliyopakwa, na kwa herufi kubwa, TINA ISIGUSE HAPA.