Mwanga Umefika, Moshi Bado

Msomaji mpenzi, leo jioni utakapowasha taa sebuleni kwako, hebu jiulize swali moja: stima hii yatoka wapi? Wengi wetu tunaoishi mijini twajua bei ya tokeni tu, na twajua kulalamika zinapokwisha usiku wa manane. Chanzo chenyewe hatukijui.

Ukweli ni kwamba takriban sehemu tisa kwa kumi za stima inayozalishwa Kenya hutokana na kawi isiyokwisha: mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Ni mataifa machache yanayoweza kujigamba hivyo. Ulimwengu kwa jumla ulivuka asilimia 30 kwa mara ya kwanza mwaka wa 2023.

Haikuwa hivi tangu jadi. Walio na umri kama wangu wataukumbuka mgao wa stima wa mwaka wa 2000. Mvua ilikuwa imekataa, maji katika mabwawa ya Mto Tana yakapungua sana, na kwa kuwa taifa lilikuwa limeyategemea mno, giza likaingia majumbani. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya upili hapa Nairobi. Vinyozi walikaa nje ya vibanda vyao wakipiga soga, nasi tukidurusu kwa koroboi hata asubuhi pua zikawa nyeusi ndani.

Ajabu ni kwamba wakati huo wote, pale Olkaria karibu na Naivasha, kulikuwa na joto lisilongoja mvua. Mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981, ukitoa megawati 15 tu. Visima huchimbwa kwenda chini kilomita mbili hata tatu, mvuke ukapanda kwa nguvu na kuzungusha mashine usiku na mchana. Mitambo mikubwa ilipofunguliwa mwaka wa 2014 na baadaye, mvuke ukawa ndio nguzo ya nyumba. Siku hizi watupatia karibu sehemu mbili kwa tano za stima yetu.

Kisha ukaja upepo. Huko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, kumesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Lakini wahenga hawakukosea waliposema haraka haraka haina baraka. Mitambo ilikuwa tayari mwaka wa 2017, ilhali nyaya za kusafirisha stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari hadi Septemba 2018. Na mwaka wa 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Tusidhani basi kwamba kawi safi huja bila maswali. Upepo ni wa Mungu, lakini ardhi unakopita ina wenyewe.

Najua utaniuliza: ikiwa mvuke na upepo ni wetu, mbona tokeni ni ghali? Swali zuri. Mvuke haununuliwi, lakini kisima hununuliwa. Mitambo na nyaya hujengwa kwa mikopo, na mikataba mingi hulipwa kwa dola; shilingi ikishuka, bili hupanda. Ongeza kodi na ada nyinginezo. Tena, jioni sote tunapowasha taa, televisheni na pasi kwa wakati mmoja, hulazimu mitambo ya mafuta iwashwe, na gharama ya mafuta hayo huongezwa katika bili yako. Usiku wa manane sote tukilala, mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji. Kwa hivyo kupata kawi ni jambo moja. Kuihifadhi na kuifikisha inakohitajika ni jambo jingine. Tulilionja hilo Agosti 25, 2023, wakati stima ilipopotea karibu nchi nzima.

Sasa niruhusu nikupeleke kwa mama yangu, Mwingi. Nguzo za stima zimepita barabarani, umbali wa kilomita chache kutoka boma lake, lakini nyumbani hazijafika. Katika mkutano wa familia, kaka yangu mkubwa alishikilia kwamba tungoje. "Stima ya serikali ndiyo stima," alisema. "Hizo taa za jua ni vitu vya watoto." Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe unangoja ukiwa na taa."

Hatukuwa na la kujibu. Tulichanga, tukanunua paneli moja, betri, taa nne na waya za kuchajia simu. Bei ya paneli duniani ilikuwa imeshuka mno, takriban sehemu tisa kwa kumi kati ya mwaka wa 2010 na 2020, hasa kwa sababu viwanda vya China vilizitengeneza kwa wingi. Jua la Mwingi, ambalo tangu utotoni tulililaani kwa kuunguza mahindi, likaanza kutufanyia kazi. Mafuta taa yakaachwa. Mpwa wangu husoma hadi saa nne usiku, na majirani huja kuchaji simu.

Ningependa kuishia hapo, msomaji, lakini sitakuwa mkweli. Mama bado anakohoa.

Taa ya jua haipiki githeri. Jikoni kwake kungali na mafiga matatu na kuni, na huyo huyo mpwa anayesoma usiku huenda kutafuta kuni Jumamosi mchana kutwa. Wala si kwa mama yangu pekee. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya jamii nchini hupika kwa kuni. Tunapojisifu kwamba stima yetu ni safi, tukumbuke kwamba stima ni kipande kidogo tu cha kawi tunayotumia. Hata duniani ni vivyo hivyo: magari, viwanda na majiko bado hutegemea mno mafuta, gesi na makaa ya mawe.

Kwa hivyo Desemba hii tutakapokutana, mchango wa familia hautakuwa wa televisheni kama vijana wanavyotaka. Nitapendekeza mtungi wa gesi, na kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu, jiko lililoboreshwa lenye bomba la kutolea moshi nje. Kaka yangu atapinga, namjua. Atasema chakula cha gesi hakina ladha.

Na wewe je? Ukienda mashambani likizo hii, usiishie sebuleni ukasifu taa. Ingia jikoni, ukae na mzazi wako kwa muda wa kuivisha chungu kimoja cha maharagwe. Macho yako yatakuambia mchango unaofaa ni upi.